Land Rover 109 kwa mwenye mfuko mdogo: nunua chesisi, mengine yatapatikana

Mnaniuliza kama Land Rover 109 bado inafaa kununuliwa na mwenye mfuko mdogo. Nianze na jibu, maana najua baadhi yenu mmeshaelewana bei na muuzaji anasubiri simu. Ndiyo, Land Rover 109 ya Series III bado ni gari la kununua kwa mtu wa kipato cha kawaida, mradi ana kazi ya kulipa na hayuko mbali na mafundi wanaolijua. Anayetaka gari la kwendea ofisini na harusini aongeze pesa kidogo atafute gari dogo la Kijapani. Atakaa vizuri zaidi, na vituo vya mafuta atavipita bila kugeuza shingo.

Mimi nalima vitunguu Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, na nyumbani ni Karatu. Yangu ni pikapu ya mwaka 1979, ya petroli. Niliinunua 2012 kwa shilingi milioni 5 na nusu kwa mzee mmoja wa Rhotia aliyekuwa akibebea maji na mahindi. Inabeba mbegu, mbolea, mabomba, pampu ya kumwagilia na vibarua, na msimu wa kuvuna inasogeza magunia kutoka kwenye majaruba hadi mahali ambapo Fuso inaweza kufika. Njia ya Mang'ola ni mawe na vumbi kiangazi, tope masika, na kurudi Karatu ni kupanda. Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwenye njia hiyo, kwa hiyo wewe unayeishi kwenye lami punguza ukali wake kidogo.

Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi kati ya eksi ya mbele na ya nyuma. Kuna ndogo yake ya 88. Utaitofautisha na zilizotangulia kwa grili ya plastiki, na kwa mita zilizo mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi. Injini ya kawaida ni ya silinda nne, cc 2,286. Kuanzia 1980 krenki, shafti kuu ya injini, ikawekwa kwenye beringi tano badala ya tatu, na wauzaji watakutajia hilo ili kupandisha bei. Yangu ina tatu na sijaona shida, kwa sababu siikimbizi. Gari hili linapendeza kwenye kilomita 60 au 70 kwa saa. Ukilitaka 100 unaliumiza na unajiumiza masikio.

Bodi ni ya alumini, hailiwi na kutu. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ni ya chuma, nayo inaliwa. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Linalofanya gari hili liwezekane kwa bajeti ndogo ni kwamba karibu kila kitu chake kinafunguka na kurekebishwa, si kutupwa na kununua kingine. Chukua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Series III nyingi zilikuja na Zenith ya aina ya 36IV, na ugonjwa wake unajulikana dunia nzima: mwili wake ni wa aloi laini, hivyo kwa joto na kukazwa sana miaka yote hiyo kifuniko kinapinda, na ndani kuna ringi ndogo ya mpira inayochakaa. Hewa inaanza kupita pasipotakiwa. Unakanyaga mafuta, gari linasita, linakohoa, ndipo linaondoka. Ukisimama, linazima. Na petroli inaisha kama tangi limetoboka.

Yangu ilipofika hapo, dukani nilitajiwa kabureta la kuiga kwa 280,000. Nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi pale Unga Limited, Arusha, ambaye amezeekea kwenye magari haya. Nikamwamkia, akalisikiliza gari likiunguruma, akazima, akasema, "Mama, usinunue kitu kwanza. Tutafutie kioo." Kikapatikana kipande cha kioo cha dirisha. Akakilaza mezani, juu yake akaweka msasa laini wa maji, akadondosha mafuta ya taa. Kisha akalaza kifuniko cha kabureta uso chini na kuanza kukizungusha kwa vidole viwili, bila kukandamiza, akichora namba nane. Akakigeuza akanionyesha: kingo zinang'aa, katikati bado pana weusi. "Hapa msasa haujagusa. Hewa inapita hapa." Akaendelea, anazungusha, anafuta, anatazama, mpaka uso mzima ukawa rangi moja. Akabadilisha ringi na gasketi, akarudisha skrubu moja moja kwa kukaza mkabala, kidogo kidogo, wala hakutumia nguvu ya mkono mzima. Vifaa na ufundi havikufika 60,000. Kabureta hilo ndilo lililopo hadi leo.

Kwa hiyo ukiambiwa na fundi kijana "hii imekufa, tupa," omba kwanza akuonyeshe kilichokufa.

Kuna mambo gari hili huyafanya kwa namna yake, na asiyeyajua hulivunja bure. Kubwa ni vile vijiti vya pembeni. Mbali na gia ya kawaida kuna kijiti chenye kichwa chekundu na kingine chenye kitufe cha njano. Cha njano ukikikandamiza chini, magurudumu ya mbele yanaingia kazini ukiwa bado kwenye gia za juu. Chekundu ukikivuta nyuma gari likiwa limesimama, unapata gia za chini, na foo-wili inaingia yenyewe. Mpaka hapo kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kuitoa. Cha njano hakivutwi juu! Unasimama, unavuta chekundu nyuma mpaka mwisho, unakirudisha mbele, na cha njano kinaruka chenyewe. Nimeona magari ambayo kijiti hicho kimepindwa kwa koleo na watu waliodhani kimekwama. Na usipoitoa ukashika lami ya kwenda Makuyuni, usukani unakuwa mzito, matairi yanalika na mitambo yote ya chini inabanana, kwa kuwa gari hili halina difu ya katikati ya kutofautisha mwendo wa mbele na wa nyuma.

Jambo la pili ni spana. Nati nyingi za Series III ni za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza kidogo, na kila fundi anayepita nayo anakula kona za nati mpaka inakuwa duara. Nilinunua seti ndogo ya spana za inchi ya mtumba, inakaa kwenye sanduku la chini ya kiti cha abiria, na fundi yeyote anayegusa gari langu anatumia hiyo. Ni matumizi ya pesa ninayoyapendekeza kabla ya jingine lolote, hata kabla ya redio.

Na hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Kama gari unalolitazama halijapotezewa hendeli yake, umepata mali. Betri ikifa shambani, saa kumi na moja jioni, na simu haina mtandao, ndiyo itakayokutoa. Ila dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, na vuta kwenda juu robo mzunguko tu, usizungushe duara zima. Injini ikirudisha nyuma inavunja mkono, hilo si hadithi.

Spea. Hapa Arusha inatubeba. Kampuni za utalii zilitumia Land Rover kwa miaka mingi kabla nyingi hazijahamia Land Cruiser, na mafundi, wachomeleaji, wakata bushi na wauza spea waliokua na biashara hiyo bado wapo. Tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 lilifanyika Arusha, na anayezijua gereji za mji huu hakuuliza kwa nini. Unga Limited utapata mtu wa kukukatia bushi ya shaba kwa kipimo, mtu wa kukunja upya jani la springi, na mtu mwenye giaboksi nzima imelala chini ya turubai. Matairi nayo si tatizo: saizi ni 7.50-16, ile ile inayovaliwa na malori madogo, kwa hiyo hata Karatu unayapata.

Shida ni spea mpya za kuiga, hasa za umeme. Duka moja liliniuzia pointi na kondensa, vifaa vya kuleta cheche kwenye plagi, kwenye boksi zuri lenye maandishi ya kupendeza. Ule mguu mdogo wa pointi unaogusa shafti ya distribyuta ulilika upesi, uwazi ukaziba, na gari likazima katikati ya mlima na vibarua nyuma. Tukasimama pembeni, nikafungua kepu, nikasugua pointi kwa tupa, nikarudisha uwazi kwa fila geji kwenye milimita 0.4, tukaondoka. Kinachonikera ni kwamba bei ilikuwa ya orijino. Tangu hapo kondensa ya zamani inayofanya kazi siitupi. Naifunga kwenye kitambaa, inakaa kwenye gari, na ndiyo spea ninayoiamini kuliko mpya yoyote. Oili sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, ni vivyo hivyo: bonyeza mdomo wake kwa kidole kabla hujalipa, ukiwa mgumu kama plastiki, rudisha.

Kuhusu oili kuvuja: inavuja, basi. Kwenye magurudumu ya mbele kuna mipira mikubwa ya chuma iliyopakwa kromu. Kromu ikishachimbika, sili yoyote mpya inakwanguliwa mara moja. Kubadilisha mipira ni pesa. Mafundi wengi huku wanajaza grisi badala ya oili na maisha yanaendelea, na kwa mwendo wetu mimi sina ugomvi na hilo. Ninachokataa ni uzembe wa kutoangalia. Giaboksi, difu zote mbili na ile sanduku ya gia za chini kila kimoja kina nati yake ya kupimia, fungua ingiza kidole, kama hakikutoka na oili ongeza. Kazi ya robo saa.

Mafuta ndiyo maumivu ya kweli, na hapa sitamdanganya mtu. Likiwa na mzigo linakwenda kilomita 6 hivi kwa lita. Karatu hadi Arusha ni kama kilomita 150, kwa hiyo lita 25 kwenda peke yake. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni 75,000, na bado hujarudi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, wakitoa bei mpya za mafuta, mimi nafanya hesabu upya kwenye daftari la shamba. Sheria yangu ni kwamba gari haliendi Arusha tupu na halirudi tupu. Kama naenda benki tu, napanda basi. Afadhali kidogo ni kwamba ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa tangu mwaka wa fedha 2017/18 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Gari linaloegeshwa wiki mbili kusubiri mvua halidaiwi kwa kulala. Linabaki suala la bima na ukaguzi wa trafiki.

Watu watakushauri uweke dizeli. Ushauri si mbaya. Injini ya 200Tdi iliyotoka kwenye Defender na Discovery inafunga kwenye giaboksi ya Series bila kutengenezewa bati la kuunganishia, na wenzangu waliofanya hivyo wanapata kilomita nyingi zaidi kwa lita. Lakini ina nguvu kuliko ile ambayo giaboksi na shafti za eksi zilitengenezewa, na ukiongeza injini yenyewe, mabomba, rejeta na ufundi, inaweza kupita bei ya gari. Kwa anayetembea kila siku, atairudisha pesa yake. Kwa mimi ninayelitoa gari kwa msimu, petroli inatosha, na injini hii naielewa.

Kuchemsha. Wengi wanasema Land Rover za zamani zinachemsha mlimani, na wakiwauliza mafundi wanaambiwa watoe termostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto. Mimi nasema iacheni. Asubuhi za Karatu ni baridi, na injini isiyopata joto inakunywa petroli na kuchakaa. Safisheni rejeta kwanza. Yangu ilipoanza kupandisha joto niliitoa ikapelekwa kwa mtu wa rejeta, akafungua tangi la juu, na njia nyingi zilikuwa zimejaa uchafu mweupe wa maji ya chumvi. Watu wa bondeni tunajazia maji yoyote yaliyo karibu. Yale ya Eyasi yana magadi. Sasa nabeba dumu la maji ya mvua na hadithi ya kuchemsha imekwisha.

Breki zinahitaji mtu mwenye subira. Ni dramu zote nne. Zikiwa zimerekebishwa vizuri zinashika. Zikiachwa, unapampu mara mbili ndipo unapata pedali. Nyuma ya bati la kila gurudumu kuna boliti za kurekebishia, mbili kwa kila gurudumu la mbele na moja kwa kila la nyuma kwenye 109. Unainua gurudumu, unakaza mpaka likwame, unalegeza kidogo hadi lizunguke. Kila kabla ya msimu fanya hivyo. Ukivuka maji, kanyaga breki taratibu ukiwa unatembea ili zikauke kabla hujakutana na mteremko.

Na starehe? Usukani ni mzito ukiwa umesimama. Klachi inataka mguu. Tangi la petroli liko chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo kifuniko chake kiwe na mpira mzima, la sivyo utanusa safari nzima. Vumbi linaingia kila mahali. Lakini kuna vidirisha viwili vya bati chini ya kioo cha mbele, unavifungua kwa mkono, na saa nane mchana kule chini Barazani upepo unaokuja usoni kupitia hapo siubadilishi na kiyoyozi chochote. Nalipenda gari hili. Nimelipitisha palipozama matrekta, limebeba mgonjwa usiku, limenilipia ada za watoto. Nalisema waziwazi ili mjue anayeandika ana upande.

Sasa chesisi, kama nilivyoahidi. Injini ya 109 ikifa utapata nyingine. Giaboksi utapata. Milango, boneti, taa, vyote viko Arusha. Chesisi iliyooza ni gari jingine unalijenga upya, na hapo bajeti imekwisha. Nenda na nyundo ndogo, tochi, na gunia la kulalia chini. Gonga boriti ya nyuma kabisa, gonga pale springi zinaposhikia, gonga juu ya eksi ya nyuma, na gonga ile mikono inayotoka pembeni kushika bodi chini ya miguu ya dereva. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bati lenye udongo na vipande vya kutu vinakuangukia usoni. Kama chesisi imepakwa rangi nyeusi nzito juzi tu, ongeza kugonga. Kisha inua mkeka ndani utazame sakafu na lile bati linalotenganisha injini na miguu. Hilo nalo ni la chuma, na huozea kwenye kona za chini.

Likivuka hapo, liwashwe likiwa baridi, si baada ya muuzaji kulipasha moto kabla hujafika. Shika boneti kwa kiganja ukifika tu. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Jaribu gia zote, jaribu chekundu na cha njano, na mwambie muuzaji akutolee foo-wili yeye mwenyewe, utajua kama aliwahi kulitumia.

Mwisho, kadi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha mbele kulia, pale springi inaposhikia. Chukua brashi ya waya, isugue mpaka isomeke, uilinganishe na kadi herufi kwa herufi, kisha ukahakiki TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Magari haya yamebadilishana viungo kwa zaidi ya miaka 40, na yapo yenye kadi ya gari ambalo halipo tena.